Nilifukuza Wote, Nikamwacha Mama Mkwe

Makosa ni yangu. Msinitafutie kisingizio, maana vyote nimeshavitumia na hakuna kilichonisaidia.

Nilikuwa naendesha winchi Kitale. Ilikuwa imefungwa kwa lori la kuvuta magari yaliyokwama, inasukumwa na mafuta ya haidroliki, na haina mchezo: ukigusa leva inavuta tu, hata kama imeshika mti. Miaka ile nilijiona mkubwa kweli. Nilikuwa na ovaroli safi, simu ya mkono kiunoni, na mdomo. Mdomo ndio nilikuwa nao zaidi.

Kwa asiyejua, nusu ya kazi ya winchi ni kufukuza watu. Waya wa chuma ukikatika ukiwa umekazwa, unarudi kwa kasi na hauulizi wewe ni nani. Kwa hivyo watu husimama mbali, kupita urefu wa waya wenyewe, na juu ya waya unaweka gunia zito ili ukikatika uanguke chini. Hiyo ya gunia niliona ni ya waoga. Lakini kufukuza watu! Hapo nilikuwa bingwa. Nilitukana mpaka walevi wakaona haya.

Basi siku moja mvua imenyesha, nikaitwa barabara ya Endebess. Pikapu iliyobeba ng'ombe imeingia mtaroni. Kufika, mwenye ng'ombe ni nani? Mama mkwe wangu, ametoka kwake Kanduyi kuja kununua ng'ombe wa maziwa.

Kwetu Wabukusu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humsalimii kwa mkono, huketi naye meza moja, ukimwona njiani unapisha. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka minane na sijawahi kumwambia neno uso kwa uso. Tuliongea kupitia watu.

Ng'ombe alikuwa ameshushwa. Nikafunga ndoano kwa pikapu, nikaanza matusi yangu. Wenye baiskeli nikawatusi, wauza mahindi nikawatusi, mzee mmoja nikamuuliza kama jeneza ameshanunua. Wote wakakimbia mbali. Akabaki mama mkwe peke yake, hatua chache kutoka kwa waya, ameshika kamba ya ng'ombe akimbembeleza.

Nilimwona. Naapa nilimwona vizuri kabisa. Na asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeona nyuzi tatu za waya zimekatika, nikasema si nitabadilisha wiki ijayo.

Mtu mwenye akili angepiga kelele. Mimi, mwenye adabu zangu, nikamtuma dereva wa pikapu kwa mama mmoja wa kanisa lao waliyekuja naye, huyo ndiye amwambie mama mkwe, kwa unyenyekevu, asogee kidogo ikimpendeza. Ati itifaki! Kabla ujumbe haujafika, watu wakaanza kunipigia makofi nivute. Nami kwa kupenda sifa, nikavuta.

Waya ulikatika. Ng'ombe haukumgusa. Mama mkwe ulimpata chini ya goti, na ule mguu sitaki kuueleza.

Hapo heshima ikaisha, bana. Nilimbeba kwa mikono yangu, damu yake kwa ovaroli yangu, nikilia mama, mama, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya shamba. Kumbe sauti nilikuwa nayo.

Mguu ulikatwa. Kazi nilifutwa, na nilistahili. Mke wangu alienda Kanduyi kumuuguza mamake na mpaka leo yuko huko.

Baada ya miezi nilienda na wazee kuomba msamaha. Niliketi nje uani, macho chini, adabu tele, nikingoja wazee waniletee jibu. Mama mkwe akatoka mwenyewe na magongo yake, akasimama mbele yangu.

"Wale wengine wote uliwatukana wakapona," akasema. "Mimi nilikukosea nini hata usinitukane?"

 

Sasa wewe mwenye winchi, kagua waya wako asubuhi, na ukiwa na kasoro usiuguse. Weka gunia, mimi sitakucheka. Na ukiona mtu karibu na waya, awe mkwe, awe askofu, awe chifu na kofia yake, zima mashine umpigie kelele mpaka atoke. Atakasirika sana. Mwache akasirike akiwa amesimama kwa miguu yake miwili.