Kilatini Juu ya Makopo ya Mafuta

Mume wangu anataka nilitupe kopo hili. Sitaki. Linanuka mafuta ya msaada tuliyopikia katika kambi ya wakimbizi ya Kibabi wakati wa vita, na harufu hiyo ndiyo shule yangu.

Wenye bunduki walikuwa wamechoma madawati yetu kupikia maharagwe. Mwalimu wetu wa Kilatini akahamishia darasa chini ya turubai, kwenye makopo matupu yenye maandishi ya Kiingereza. Tulichukua neno moja, tukatafuta mzizi wake wa Kilatini, tukauandika kando yake kwa makaa.

Siku hiyo neno lilikuwa *fortified*, yaani mafuta yaliyoongezwa vitamini. Nilikuwa nimemaliza kuandika mzizi wake, *fortis*, mpiganaji mmoja alipoingia.

“Masomo imeisha!”

“Madawati mulichoma,” mwalimu alimwambia. “Kilatini hamukuchoma.”

Yule mtu akamwelekezea mtutu, kisha akaligusa kopo langu kwa kiatu. “Hii maana yake nini?”

Nilisimama. “Muntu mwenye hana woga, Papa.”

“Na hapa, muntu ya vile njo nani?”

Nilisikia tu makaa yakikwaruza bati, huku na huku, mpaka darasa zima likawa linaandika neno lile lile, *fortis*.