Sauti za Chiriku

Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza. Hata akiwa kazini alimtumia dada yake mkubwa ujumbe wa sauti kulalamikia mvua, viatu, au mbwa wa jirani. Alipofariki ghafla, dada alizihamishia sauti zote kwenye kompyuta yake, na simu iliyozipokea ikaja kuharibika. Mama yao kila akija kumtembelea alivuta kiti karibu na meza, akasema, "Niwekee mwanangu."

Dada alikuwa mtengeneza programu. Alifungasha programu za hospitali ziwe tayari kusakinishwa, na alikuwa ameandika skripti, yaani mfululizo wa amri, ya kumrahisishia kazi: unda folda, ingia ndani, futa mabaki, panga mafaili, funga kifurushi.

Asubuhi moja aliiendesha huku akimsikiliza Chiriku, bila kukumbuka kwamba skripti ingeanzia ndani ya folda ya sauti zile, aliyokuwa ameifungua. Diski ilikuwa imejaa. Folda mpya ikakataa kuundwa, hivyo hapakuwa na pa kuingia. Skripti haikuwa imeambiwa la kufanya ikishindwa, basi ikaendelea tu. Ikafuta kila kitu pale iliposimama, na juu ya nafasi iliyopatikana ikaandika mafaili ya hospitali.

Sauti iliyokuwa ikisikika ilifika mwisho wake. Iliyofuata haikuja.

"Nakala nyingine huna?" mwenzake wa ofisini alimuuliza.

"Sina."

"Wewe? Si ndiye unayetusumbua kila siku tuweke nakala?"

"Mganga hajigangi," alijibu, akajaribu kucheka, machozi yakamtangulia.

Mwenzake alihangaika na diski ile kutwa nzima. Aliambulia mikwaruzo ya sauti tu.

Dada akairekebisha skripti: folda isipoundwa, toa taarifa ya kosa, simama hapo hapo. Ulikuwa mstari mmoja. Alipoumaliza alilaza kichwa mezani.

Mama alipokuja, hakumficha.

"Mama, sauti zimepotea. Nimezifuta mimi, kwa bahati mbaya."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile anayoimba?"

"Hata ile, mama."

"Kumbe tumemzika tena," mama alisema, bila hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma binti zaidi.

Mama hakuacha kuja. Ila siku hizi akifika huipita meza ya kompyuta hadi jikoni, hukaa huko huko, na chai yake huimalizia huko.