Watu Elfu Thelathini Ndani ya Sauna Tupu

Jumamosi hiyo kioo kidogo cha tarakimu nilichokifunga kwenye mlango wa sauna, chumba cha kuogea mvuke, ya jengo letu, hapa Tampere, Ufini, kiliandika kwamba ndani kuna watu elfu thelathini na ushee.

Nikafungua. Patupu. Ndoo, kata na joto tu.

"Tuire, umetuletea mashetani?" akauliza Raili, mwenyekiti wa jengo.

"Ni tonttu, kijini cha sauna, kaja na ukoo wake wote," akadakia mzee Urho, jirani yangu wa chini.

Sikucheka. Nilikuwa hoi. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa nilipelekwa kusomea programu za kompyuta, ukubwani hivi, na kihesabu watu hiki, kinachoongeza mtu akiingia na kupunguza akitoka, kilikuwa kazi yangu ya kwanza. Raili ndiye aliyeniomba. Urho alishawahi kuzimia mle ndani peke yake, kidogo tu tumzike. Sasa kioo kikionyesha mtu amekaa mno, tumgongee.

Wenzangu wakatawanyika. Nikampigia mwalimu wangu, Jyri, kijana mdogo tu.

"Mama, ndani ya programu yako, chombo cha kutunzia hesabu umekitangaza?"

"Nimekitangaza. Nimekipa na jina: watu."

"Na ndani yake umeweka nini?"

"Sijaweka kitu."

"Basi ndiyo hiyo. Ukitangaza tu, kompyuta inakupa nafasi yenye namba takataka za aliyeitumia kabla yako. Thamani ya kuanzia uipe wewe."

Jamani! Mimi nilidhani ukishataja jina, sifuri inakuja yenyewe.

Nikakaa kwenye benchi la kuvulia nguo, kompyuta mapajani, macho yakiniwasha kwa uchovu. Mtu akanipita akanisalimia, nikaguna bila kuinua kichwa. Nikaandika: watu ni sawa na sifuri. Nikawasha upya.

Kioo kikaandika sifuri. Nilitamani kulala palepale.

Raili akarudi, akakitazama, akapiga makofi. "Safi! Zamu za kuoga zimekwisha, tumwachie tonttu mvuke wake."

Kwetu baada ya zamu ya mwisho haingii mtu tena. Mvuke wa mwisho ni wa tonttu.

Nikainama kuchukua begi. Chini ya benchi kulikuwa na kandambili za Urho.

"Raili, Urho yuko wapi?"

"Kwake. Si kioo chako kimesema hamna mtu?"

Nikaukimbilia mlango. Aliyenipita alikuwa Urho, na mimi nikawasha upya yeye akiwa ndani.

Tulimkuta benchi la juu, mwekundu, kichwa kimelala begani. Tukamkokota hadi nje kwenye theluji, Raili akimpiga vibao na kumtukana kwa upendo.

Akafumbua jicho moja. "Mlinihesabu?"

"Sifuri," nikasema, nikaangua kilio.

"Ningekufa, basi ungekuwa sahihi," akasema yule mzee, meno yakigongana.

Siku hizi kihesabu changu hakianzi mpaka mtu afungue mlango, aangalie, aandike idadi kwa mkono wake.

Nyie mnaoanza programu, nisikilizeni mimi niliyechoka. Ukitangaza chombo, kipe thamani ya kuanzia. Na usiandike sifuri kwa mazoea. Chungulia ndani kwanza.