Chombo cha Mama Hawo nilichokisugua kwa sabuni, na raha zangu za Garsen

Wakuu wa bwenini, ilianza Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, nikiwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu Garsen na kipande cha sabuni ya mche mkononi.

Saa ninayo kwa sababu niliiandika siku ile ile kwenye kitabu changu, kile mnachonicheka kwamba nakilalia kama mto. Kwa hiyo hapa sikutia chumvi.

Daftari hili la bwenini la kusimulia kwa zamu limenipita mara mbili nikisingizia kichwa kinauma. Leo naandika. Mdomoni mnanijua: mwalimu akiniita nasimama mimi, sauti inabaki imekaa.

Haya, nirudi nyuma kidogo.

Mwaka wa hamsini na tano baba alipata kazi ya useremala kwenye pantoni ya Garsen, kule Kenya, inayovusha watu Mto Tana. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nangoja jibu la kuja hapa shuleni. Tukafunga mizigo Tanga, baba, mama na mimi.

Shangazi yangu alilia kama amefiwa. "Mnampeleka mtoto porini, nchi za watu!"

Zuhura, nimeona ulichoandika pembeni kwa penseli: "Garsen nayo mji?" Tulia usome.

Kwangu mimi mji ni mahali unapoamka hujui leo utamwona nani. Garsen gari la Lamu na gari la Malindi lazima yasimame, maana mto haumjui mkubwa wala mdogo. Abiria wanashuka wote, tajiri na maskini, wanangoja zamu. Pantoni yenyewe haina injini. Wanaume wanaivuta kwa mikono kwa kamba ya chuma, huku wanaimba, mmoja anaanzisha na wengine wanaitika, na wimbo wanautunga hapo hapo. Ukiwa na kofia ya ajabu umo. Ukiwa na tumbo, ndiyo kabisa.

Kabla sijanywa chai nimeshasikia Kipokomo, Kiorma, Kisomali na Kigiriama. Na Kiswahili chao cha kukata njia, ambacho mwalimu wetu angekipiga wino mwekundu wote, lakini kila mtu anaelewa na biashara inakwenda.

Ndizi zinakuja kwa mtumbwi kutoka mashamba ya Wapokomo, bado zinatoa utomvu. Ng'ombe wa Waorma wanapita wengi mpaka vumbi linaingia kwenye unga.

Na nyundo ya baba! Nikiisikia toka nyumbani najivuna peke yangu. Watu wote wa Lamu wanakanyaga mbao zake.

Lakini raha ya kwanza ilikuwa chai.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiorma, mwanawe wa kike anaitwa Hawo, rika langu. Kila asubuhi Mama Hawo alituletea maziwa, na mama yangu akampa sukari na majani ya chai. Maziwa yale yana harufu ya moshi. Wiki ya kwanza nilikunja uso. Wiki ya tatu nilikuwa nachungulia mlangoni kama anakuja.

Aliyabeba kwenye chombo cha kusuka, nyuzi zimebanana mpaka hakivuji. Kwa kawaida anamimina kwenye sufuria yetu, anaondoka nacho. Jumamosi ile ndama wake alikuwa mgonjwa, akakiacha akakimbia.

Mama akaniambia, "Kitu cha watu hakirudi kichafu. Kioshe."

Nikachungulia ndani. Cheusi tititi! Nikasema masikini, Mama Hawo hana sabuni.

Wakuu, nilikisugua. Maji ya moto, sabuni, mchanga wa mtoni, na kumbi la nazi tulilokuja nalo toka kwetu. Maji ya kwanza yalitoka kama wino. Sikuacha mpaka yakatoka meupe. Nikakianika, nikakiangalia, nikajisifu. Juu ya kifuniko nikaweka vitumbua vinne, nikampa Hawo.

Hawo akakinusa. Akakimbia.

Kesho yake maziwa hayakuja. Alikuja Mama Hawo mwenyewe na chombo chake, na maziwa yanadondoka chini ya kitako, to, to, to, mpaka kwenye kizingiti chetu.

"Nani nasugua hii?"

Nikajificha nyuma ya mama.

"Nyinyi watu ya Tanga nakula sabuni?" Alikuwa hapigi kelele, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Hii mama yangu nasuka. Mimi naolewa nayo. Moshi nakaa ndani miaka ishirini. Huyu mtoto siku moja naondoa yote."

Ndipo tukaelewa. Chombo kile hakioshwi kwa maji hata siku moja. Kinatiwa makaa ya mti maalumu, kinatikiswa, kinafunikwa. Moshi ndio sabuni yao. Moshi ule na mafuta ya maziwa ndivyo vinavyoziba matundu ya kusuka, na maziwa hayaharibiki upesi. Ule weusi niliouonea huruma ndio uliokuwa ukishika maziwa.

Mama akatoa jagi letu jipya la enameli, lenye maua mekundu, akampa kwa mikono miwili. "Chukua hili, dada, utusamehe."

Mama Hawo akaliangalia. "Hii zuri. Weka maua ndani," akasema, akaondoka na chombo chake kinachovuja.

Siku tatu hakupita mlangoni kwetu. Akituona anazunguka nyuma ya maduka. Baba alikwenda kazini na chai ya rangi na hakunisema hata neno. Afadhali angenisema. Sisi wageni, jirani wa kwanza kutufungulia mlango ndiye huyo, na mimi ndiye niliyemtobolea kitu alichopewa na mama yake.

Siku ya nne nikaenda peke yangu. Njiani nilikuwa na maneno mazuri nimeyapanga. Nilipofika mlangoni kwake yakaruka yote. Nikasimama tu.

Hawo akanichungulia. "Mama! Ile Sabuni nasimama nje!"

Ndilo jina nililopata Garsen, wakuu. Sabuni.

Mama Hawo akatoka. "Nataka nini?"

Nikanyoosha mikono, yote miwili. "Nifundishe kutia moshi."

"Wewe naogopa nyeusi."

"Siogopi."

Akavigeuza viganja vyangu, akavitazama. Halafu akasogea pembeni, nikapita.

Nilikwenda alasiri saba mfululizo. Mimi na Hawo tunaokota kuni, si kila kuni, akikataa yeye unatupa. Unachagua kaa lililoiva, unalitumbukiza, unatikisa haraka kabla halijaunguza nyuzi, unafunika, unasubiri. Unakung'uta majivu. Unapaka samli kidogo. Unaanza tena. Siku ya kwanza nilitia kijiti kibichi, moshi ukanipanda machoni mpaka kamasi.

"Sabuni nalia!" Hawo akagaragara kwa kucheka.

Siku ya tatu nilicheka na mimi. Siku ya tano nilikuwa naongea. Mimi! Nilimsimulia bandari ya Tanga, gari la moshi, mpaka Mama Hawo akasema, "Huyu mdomo alikuwa nao siku zote?"

Siku ya saba akakinusa chombo, akaingiza mkono, akamimina maziwa ya jioni, akakitundika. "Kesho naona," akasema.

Jioni ile chakula kilinishinda. Kama chombo kingevuja tena, basi nilikuwa nimekiua.

Sasa niseme nilichokipata. Nilidhani nimekwenda Garsen na usafi wangu wa Tanga kuwagawia watu. Kumbe usafi wao ulikuwepo, mimi ndiye nisiyeujua. Tangu siku ile sigusi kitu cha mtu kabla sijamuuliza kwake kinatunzwaje. Na ninajivuna, sitaficha: humu bwenini hakuna mwingine anayejua kutia chombo moshi.

Kurasa mbili hizi nimewaachia. Nani mwingine aliwahi kuharibu kitu akidhani anakitengeneza? Aandike, nami nitakuwa wa kwanza kusoma. Zuhura, kama bado unasema Garsen si mji, andika sababu zako, ila kwa wino.

Imebaki asubuhi ya siku ya nane.

Nilifika kwa Mama Hawo jua halijachomoza vizuri. Chombo kinaning'inia. Nikapiga goti, nikapapasa udongo chini yake kwa kiganja.

Mkavu.

Mama Hawo hakunisifu. Alikitungua, akanipa mikononi. "Peleka kwa baba yako. Halafu naleta chombo. Si kuosha!"

Nikateremka nacho mpaka mtoni, katikati ya abiria wa Lamu wote. Wavutaji wa pantoni wakaniona. Yule mwanzishaji akapaza sauti, "Sabuni kaleta moshi!" na wenzake wakaitika, kamba inavutwa, abiria wananigeukia. Siku nyingine ningetamani mto unimeze. Siku ile niliinua kichwa.

Baba akaacha nyundo, akamimina maziwa, akanywa kikombe kizima palepale, akanusa kikombe kitupu. "Ndiyo yenyewe," akasema.

Nikarudisha chombo, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameniwekea maji ya kunawa na kipande cha sabuni. Nikaketi kizingitini na kitabu changu, nikaandika haya yote, kila ukurasa ukawa na alama ya vidole vyeusi kwa masizi ya chombo.

Sikunawa mpaka adhana ya adhuhuri.