Mbegu Nilizozichanganya na Maji ya Bomba

Nauza pembejeo za kilimo sokoni Nakasero, na kwa maneno sijambo. Ndiyo maana mama mwenye nyumba wangu huku Nsambya, mjane wa polisi kutoka kaskazini, aliniamini nilipomwambia asinunue mbolea ya yuria msimu ule. Posho ya wajukuu wake ilitoka kwenye kishamba cha mahindi nyuma ya nyumba, nami nilijua hivyo, na bado nikamshawishi.

Nilimletea pakiti ya unga mweusi wenye bakteria. Nikamweleza kwamba mbegu ikipakwa unga ule, bakteria hukaa mizizini, huchukua naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea, na udongo hauchoki.

“Hii dudu iko hai?” akauliza.

“Hai kabisa, mama.”

“Kale, sawa. Ifanye kazi basi, tuone.”

Alikuwa ameshachota maji ya chemchemi ya kuchanganyia. Nikayamwaga. Mimi na usafi wangu! Nikasema ni machafu, yatawadhuru bakteria, nikafungua bomba la uani. Maji yalitoka yakinuka dawa, nami nikaifurahia ile harufu. Tukapaka mbegu, tukapanda pamoja.

Mahindi yaliota vizuri, kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Nilimuuliza bwana anayetuletea pakiti zile dukani. Alicheka sana aliposikia nilitumia maji ya bomba. Klorini inayoua vijidudu vya tumboni, akasema, itawaacha hawa kwa nini? Onyo liliandikwa nyuma ya pakiti, na mimi nilikuwa nikiziuza bila kuigeuza hata moja.

Jioni hiyo nilimweleza mama kila kitu. Nilitaka kukimbilia yuria, lakini mahindi yalikuwa yameshachanua, na wakati wa kuyawekea mbolea ulikuwa umepita.

“Bambi, pole,” akasema, “we ulitaka tu maji safi.”

Heri angenitukana. Nilishindwa hata kumtazama.

Siku ya kuvuna aliniita uani. Mahindi hayakujaza hata karai, mengi yakiwa na punje za hapa na pale. Kwao, aliyepanda pamoja nawe ndiye anayeonja wa kwanza. Akachagua hindi lililonona kuliko yote, akalichoma, akanipa.

“Mama, wape watoto.”

“Watoto watakula nyuma yako. We ulipanda na mimi.”

Kukataa kungekuwa kumtusi. Nililitafuna lote, huku wajukuu wake wakinitazama mdomoni.