Mirija ya Urefu Mmoja

Nilimaliza shule wakati wa Mwingereza, na cheti changu kilikuwa kibaya hata karani wa reli pale Tororo, nilipoomba kazi, alinirudishia papo hapo. Nikaamua kuuza mirija, ile mirefu ambayo watu huketi kuzunguka chungu kimoja wakanywea pombe ya wimbi. Mama mmoja mpika pombe wa Busia aliniagiza mirija ishirini. Nilijua akiikataa, nitarudi kijijini Mella kulima kwa baba.

Niliipima kwa rula ya shule, nikaikata yote sawasawa, nikaifunga kwenye baiskeli, nikampelekea kilabuni kwake.

Mama alichomoa mmoja akautazama. “Mwanangu, vijana wanakaa mbele karibu na chungu, wazee safu ya nyuma. Sasa wazee wangu niwaketishe wapi, ndani ya chungu?”

Wanywaji wakacheka.

“Umesoma?” akaniuliza.

“Kidogo, mama.”

“Inaonekana.”

Nilidhani ananifukuza, lakini alinivutia kigoda safu ya nyuma. “Kaa hapa kwanza.” Nikakaa, nikanyoosha mrija wangu, haukufika chunguni. Akapokea ile yote ishirini kwa ajili ya vijana, akaniagiza mingine mirefu zaidi ya wazee. Safari hii nilipima kwa kamba, kutoka kigoda hadi chungu.

Tangu hapo nimehama miji mingi, nikiuza chumvi, ngozi, hata baiskeli. Kila nikipita Busia naenda kumwamkia mama yule, na bado ananionyesha kigoda cha nyuma. Nakaa kwa furaha.