Kiu ya Mama Juu

Mwanamke aliyeendesha kreni kubwa pale kwenye ujenzi wa ghorofa walimwita Mama Juu, na jina likamganda hadi nyumbani. Asubuhi alipanda ngazi ya chuma na mkoba mgongoni, akajifungia kwenye kibanda cha vioo kule angani, akashinda humo akinyanyua nondo, matofali na ndoo za zege kama mtu anayehamisha vikombe mezani. Mafundi wa chini waliapa kwamba angeweza kukuvua kofia kwa ile ndoano bila kukugusa unywele. Walitia chumvi, lakini si nyingi.

Siku moja ya manyunyu, akishuka, mguu ulimteleza kwenye vidato vya mwisho. Angeanguka kutoka juu, leo tungekuwa tunamsimulia kwa namna nyingine. Alianguka kimo cha mtu tu, akatua kwa makalio, akasimama na kucheka pamoja na waliomcheka. Siku chache baadaye mgongo ukaanza kudai chake. Maumivu yalianzia kiunoni, yakateremka nyuma ya paja hadi kidole gumba cha mguu, kama waya uliowashwa umeme.

Daktari wake, mwanamke wa sauti ndogo asiyekuwa na haraka, alimweleza kwamba kuna kitu kwenye uti wa mgongo kimetoka mahali pake na kinabana mshipa wa fahamu. Huenda maumivu hayo yasimwache kabisa. Kazi yao ingekuwa kuyapunguzia sauti. Akampa vidonge, akamuuliza kama anakunywa pombe.

"Hapana," alijibu Mama Juu, upesi, kama mtu anayefukuza nzi.

Alikuwa anakunywa. Ilianza kwa chupa moja na wenzake baada ya kazi, zamani, wakati bado ilikuwa starehe. Baada ya kuanguka aligundua kwamba chupa ya pili inayakalisha chini maumivu, na ya tatu inayafunga mdomo. Kisha vidonge vikamletea usingizi, na kampuni ikamkataza kupanda kreni maadamu anavitumia. Akabaki chini, akiwapa maelekezo waendeshaji wapya, shingo ikiwa juu kutwa nzima kuangalia kibanda ambacho sasa mtu mwingine alikuwa amekikalia. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Pombe ikahama baa, ikaingia nyumbani, kwenye chupa ya siki nyuma ya unga na chumvi. Mumewe, fundi wa majokofu, mtu mpole kupita kiasi, alijua. Akachagua kufunika kombe mwanaharamu apite.

Mama mkwe naye aliishi nao. Alikuwa mkunga aliyestaafu, mwembamba, mwenye viganja vipana visivyolingana na mwili wake, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, mume akiwa ameitwa kwenye bucha fulani jokofu limegoma, Mama Juu alimeza vidonge vyake, akaongeza kimoja kwa kuwa mguu ulikuwa unawaka, akaviteremsha kwa kile kilichokuwa kwenye chupa ya siki. Akajilaza kwenye kochi. Mama mkwe alipita sebuleni na kapu la nguo. Alikwisha kupita, akasimama. Kilichomsimamisha ni ukimya. Alirudi, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la mkaza mwanawe. Pumzi moja ilikuja, halafu ikachukua muda mrefu mno kuja nyingine. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya wino.

Hakupiga kelele. Alimgeuza ubavu, akamfinya sikio kwa kucha, akamwamuru, "Vuta." Mama Juu akavuta pumzi. "Vuta tena." Ndivyo walivyokwenda mpaka hospitali, kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, yule mama akimdai mwenzake pumzi moja baada ya nyingine kama alivyowadai watoto wachanga waliochelewa kulia.

Alipopata fahamu, daktari alikuwa ameketi kando ya kitanda. Akauliza tena lile swali la mwanzo. Mama Juu alimtazama mumewe, mume akatazama sakafu.

"Mficha uchi hazai," alisema mama mkwe, kisha akaenda zake dirishani ili asimtolee macho.

Basi akasema yote. Siki, baa, kidonge cha kuongeza. Daktari hakutikisa kichwa. Alimweleza kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu inayotukumbusha kupumua, iwe tumelala au tumesahau. Vile vidonge huilaza kidogo, na pombe huilaza, na vyote pamoja vinaweza kuilaza isiamke tena. Mama Juu alibaki ameduwaa. Kumbe maisha yake yote ndani yake kulikuwa na mlinzi asiyelala, asiyedai hata shukrani, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimnywesha.

Walimbakiza wodini. Daktari alikataa katakata aende kuacha pombe peke yake nyumbani, maana mwili uliozoea ukinyimwa ghafla unaweza hata kupata degedege. Walimsimamia mpaka mikono ikaacha kutetemeka, wakambadilishia dawa za maumivu taratibu, wakamfundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo. Akaambiwa tena, mara hii akasikia: kidonge hakiongezwi wala hakiachwi bila kuuliza, na pombe na dawa hizi hazikai chungu kimoja.

Akarudi nyumbani akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Kiu ilikuja jioni, saa za watu kutoka kazini. Mara ya kwanza ilimkuta jikoni anamenya viazi na mama mkwe. Taya lilikaza, mate yakamjaa, akaweka kisu chini. Akasema anakwenda dukani mara moja.

"Kununua nini?"

Mama mkwe akavuta kigoda, akamkalisha, akajifuta mikono, akaweka kile kiganja juu ya tumbo lake, chini kidogo ya mbavu. Mama Juu alisikia joto lake kupitia nguo. Ni mkono uliokwisha kupokea watu wa mtaa mzima.

"Umeanza wapi?" aliuliza, kana kwamba ni uchungu wa kuzaa.

"Kooni. Na kwenye taya."

"Unapanda au umesimama?"

"Unapanda, Mama."

"Uache upande. Usiusukume, usiukimbie. Wewe niambie tu ulipofika."

Akamwambia. Umefika kifuani. Umeshika mabega. Sasa uko kichwani, sioni vizuri. Jasho likamtoka. Akasema ananunua chupa moja tu, ya mwisho, kesho ataanza vizuri. Mama mkwe hakumbishia. Mama Juu akasema anakufa.

"Wote huniambia hivyo wakikaribia kileleni," alijibu yule mama, na mkono wake haukutikisika.

Halafu jambo likatokea ambalo Mama Juu hakulitegemea kabisa. Kiu ilisimama. Ikakaa palepale, kubwa kama nyumba, kisha ikaanza kuteremka yenyewe, bila kupewa hata tone. Mabega yakalegea. Taya likafunguka. Akatazama bakuli, akaona viazi alivyomenya bado ni vyeupe, havijawahi hata kubadilika rangi. Muda mfupi namna ile! Miaka yote aliamini kwamba kiu isipopewa itapanda mpaka impasue, kwa hiyo hakuwahi hata siku moja kungoja aone inaishia wapi. Kumbe ina kilele. Kumbe na yenyewe huchoka. Machozi yalimtoka, si ya huzuni. Ni kama mtu aliyeogopa mlango miaka mingi, akaufungua, akakuta nyuma yake hakuna ukuta wala jini, ni uwanja tu.

"Hakuna marefu yasiyo na ncha," alisema mama mkwe, akichukua kisu chake. "Ila wewe ulikuwa unashukia njiani."

Wakacheka mpaka mume akaja kuchungulia.

Usidhani hapo mambo yakanyooka. Kiu ilirudi kesho yake, na nyingine baadaye, na nyingine zilikuja kwa hila. Mchana mmoja alilalamika kwamba mgongo umezidi, akaomba apewe kopo la vidonge, ambalo kwa hiari yake alikuwa amemkabidhi mama mkwe alitunze. Yule mama hakukataa. Alimwambia, "Nionyeshe panapouma. Kwa kidole." Mama Juu akaweka kidole kiunoni. Si pale. Akakipeleka pajani. Si pale pia. Kidole kikazunguka mwili mzima kama mgeni anayetafuta nyumba, hatimaye kikasimama kooni. Wakatazamana. Alishangaa jinsi kiu ilivyojua kuiga sauti ya maumivu hata yeye mwenye mwili asiitambue. Tangu hapo akawa anajiuliza kwanza, kwa kidole, kabla ya kuomba chochote. Na siku ambazo kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye mshipa wenyewe, alimpigia simu daktari bila aibu, maana maumivu hayo yalikuwa ya kweli na yalistahili kusikilizwa.

Aliteleza na kurudia pombe mara moja tu. Wenzake walimuaga msimamizi aliyehamishwa, naye asubuhi akaruka dozi yake makusudi ili jioni apate nafasi ya glasi mbili. Glasi hazikuwa mbili. Alirudi nyumbani kabla jua halijatua, akakaa kwenye ngazi ya mlangoni, akaungama kabla hajaulizwa, akalia kwamba amebomoa kila kitu. Mama mkwe alimpigia kwanza daktari kuuliza kidonge cha jioni kifanyweje, wakaambiwa kisimezwe mpaka atakapoonwa asubuhi. Ndipo akaketi kando yake.

"Mwanangu," alisema, "sijapata kuona mtoto aliyezaliwa kwa uchungu mmoja."

Hilo tu. Hakulirudia, wala hakumkumbusha siku hiyo tena. Mume naye, kwa mara ya kwanza tangu waoane, aliacha kufunika kombe. Alisema kwamba alikuwa akiijua ile siki, kwamba aliogopa, na kwamba alipomwona hospitalini aliona aibu ya kuogopa kwake. Walikaa pale wote watatu mpaka taa za barabarani zikawaka.

Miezi ikapita. Maumivu hayakuondoka. Yapo mpaka leo, yanaamka naye, siku nyingine yanamfunga kitandani, siku nyingine yanamwacha atembee hadi kituo cha basi akipiga mluzi. Kreni hajaipanda tena. Anafundisha wanaoanza, na wanamwogopa kwa heshima.

Pale kazini kulikuwa na fundi wa kuchomelea, jitu la miraba minne, ambaye ndiye aliyemtania kuliko wote kwa sababu ya soda alizokunywa sasa badala ya pombe. Jioni moja, wengine wakiwa wamekwenda kuoga na kubadili nguo, alikuja akasimama mbele yake huku anazungusha kofia mikononi. Akasema goti lake limepewa dawa, daktari kamkataza pombe, na sasa hivi kiu imembana hadi hajui miguu yake inampeleka wapi. Aliyasema akitazama pembeni.

Mama Juu alimkalisha juu ya rundo la mbao. Alimwuliza kwanza kama amemweleza daktari ni kiasi gani anakunywa, kikweli. Hakuwa amemweleza. Wakakubaliana kwamba kesho asubuhi watakwenda pamoja. Kisha akamwambia aweke mkono wake mwenyewe tumboni, akamwuliza umeanza wapi.

Yeye alikuwa ameyaonja hayo mara nyingi, lakini hakuwahi kuyaona kwa mtu. Aliona shingo ya yule bwana ikitutumka, macho yakikimbia kuelekea geti, magoti yakitaka kunyanyuka. Aliona jasho likichora mistari kwenye vumbi la usoni. Kupanda, kupanda. Zaidi ya hapo hakuna mwili unaoweza kwenda. Halafu, mbele ya macho yake, bila mtu kufanya lolote, uso wote ukaanza kufunguka, na lile jitu likawa limeketi tu juu ya mbao, linapumua kama watu wengine.

Mama Juu akafahamu kwa nini mama mkwe, enzi zake za ukunga, hata baada ya kuzalisha miaka mingi, bado alikuwa akirudi nyumbani kila mara na sura ya mtu aliyetoka kuona ajabu.

"Imekwenda wapi?" aliuliza yule fundi, kwa sauti ya chini sana.

"Sijui," alisema. "Hata mimi sijui."

Wakabaki wameketi, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.